Rangi ya Majani Katika Bani la Viktori

Jumapili, tarehe 18 Machi 2018, saa moja na robo asubuhi, Rustika, mkulima wa tumbaku wa kijiji cha Usoke, alisukuma mlango wa bani la kukaushia tumbaku akamkuta mumewe, Viktori Nsengiyumva, amelala kifudifudi sakafuni. Kisogoni palikuwa na jeraha la kitu kizito. Tanuri lilikuwa limezimika na majivu yake yamepoa. Juu ya maiti, majani yaliyoning'inia kwenye fito yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia iliyokolea, yamelegea na kutoa harufu ya uvundo.

Mara ya mwisho alikuwa amemwona hai siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Moto wa bani ulikuwa umewashwa Jumatano mchana, na mtu anayechochea bani hauachi moto wake, hata kama kengele ya kanisa inamwita. Ilikuwa Kwaresima. Wengine wangekwenda kanisani kwenye ibada ya Njia ya Msalaba jioni ile; Viktori angesali palepale tanurini. Rustika alimpelekea viazi na maharage, akamkuta amekunja uso.

"Mama Esperansi, rozari yangu imekatika alfajiri hii," alisema.

Rustika alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake nyekundu, akaiunga rozari ilipokatika, kwenye kumi la tatu, akamrudishia. Kisha alipanda gari kwenda Kwihara kumwuguza mama yake. Aliporudi Jumapili, alikuwa mjane.

Jirani yao, mzee Anton, ndiye aliyekuja mbio aliposikia yowe. Yeye na wenzake waliangusha fito zote na kuyatupa majani nje ili wapate nafasi ya kuutoa mwili. Polisi walipofika saa tano, hapakuwa na jani lililobaki juu. Waliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Marehemu alikuwa na ugomvi na nani?"

Rustika hakusita. Alimtaja Hilari, mdogo wa Viktori, aliyegombea mpaka wa shamba tangu masika ya mwaka uliotangulia. Mzee Anton akaongeza kwamba Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, alimwona Hilari akitoka upande wa bani na panga mkononi. Daktari alisema hawezi kutaja saa ya kifo kwa uhakika, kwa kuwa joto lililokuwa limebaki ndani ya bani lilikuwa limeharibu dalili. Basi ikaandikwa kwamba Viktori aliuawa Jumamosi jioni. Hilari alijitetea kwamba alikwenda kutafuta suluhu, akaita, hakuitikiwa, akarudi. Hakuna aliyemwamini. Mwaka 2020 alihukumiwa kunyongwa hadi kufa, na Rustika alipiga kigelegele mahakamani mpaka askari akamtoa nje.

Rozari haikuonekana. Rustika alidhani iliteketea tanurini.

Kabla ya hukumu hiyo, siku ya tatu ya matanga ya Viktori, Mwalimu Wilbroad, aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza nyimbo kanisani, alikuja kumpa pole. Alikuwa rafiki wa Viktori. Aliona madaftari kumi na moja juu ya kabati, ambayo Viktori alizoea kuyaandika akikesha na moto wake.

"Shemeji, haya ni mazoezi aliyokuwa akiniletea nimsahihishie," alisema. "Niruhusu niyatunze, yawe kumbukumbu."

Rustika hakujua kusoma. Aliyafunga madaftari kwa kitambaa safi na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Miaka sita baadaye alikuwa akiishi Kwihara, kwenye nyumba ya marehemu mama yake, na alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima kilichokutana kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa parokia. Wenzake walijifunza kusoma ili wasidanganywe dukani au wasome Injili. Rustika alikuwa na sababu nyingine. Mwalimu Wilbroad, ambaye sasa alikuwa mwandishi anayealikwa redioni, alikuwa ametoa riwaya ya pili inayosimulia mauaji ya Viktori. Iliitwa *Bani la Kifo*. Rustika alitaka kuisoma mwenyewe, neno kwa neno, aone jinsi Hilari alivyolia kizimbani. Barua tatu ambazo Hilari alimwandikia kutoka gerezani alikuwa amezitia motoni bila kuzifungua.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, darasa lilifika ukurasa wa tisini na mbili wa *Bani la Kifo*. Mwalimu Koleta, binti mrefu mwenye sauti ya kutuliza watoto, alimpa Rustika zamu ya kusoma. Rustika alisoma akifuatisha mistari kwa kidole:

"'Jumamosi ilikuwa inazama. Mwanga wa tanuri ulipenya mlangoni. Majani yalining'inia juu yake, ya njano kama ganda la ndizi mbivu, na rozari aliyoiunga kwa uzi mwekundu ilitulia kwenye ufito wa kwanza, ikimngoja aimalizie.'"

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Koleta. "Mwandishi ametumia mbinu gani hapo?"

"Tashibiha," alijibu Tekla, muuza mihogo aliyependa kujibu kwanza. "Majani kama ganda la ndizi. Mimi nimeanza kuona njaa."

Darasa lilicheka. Rustika hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya neno moja.

"Mwalimu," alisema, "huyu anayesimulia amekaa wapi?"

"Huyo tunamwita msimulizi maizi, Mama Esperansi. Anajua yote. Anaingia ndani ya nyumba iliyofungwa, anaingia hata moyoni mwa mtu."

"Na amejuaje?"

"Katika hadithi ya kubuni, haulizwi. Ni ruhusa ya mwandishi. Lakini hii ni riwaya ya kisa cha kweli. Tazameni dibaji, ukurasa wa tano." Mwalimu Koleta akasoma: "'Sikubuni hata neno. Kila nilichoandika nimekitoa katika jalada la mahakama au kinywani mwa shahidi.' Kwa hiyo hapa lazima awepo mtu aliyeona na kumweleza."

"Yale majani niliyaona mimi," alisema Rustika polepole. "Hayakuwa ya njano. Yalikuwa yameoza."

Tekla aliacha kucheka. Yeye pia alikuwa amewahi kulima tumbaku. "Dada, yameozaje? Moto wenu mliuwasha lini?"

"Jumatano mchana."

"Basi Ijumaa jioni yalikuwa yameiva njano, bado mabichi. Moto ukizimika hapo, umeyapoteza. Siku mbili hazipiti yanavunda. Lakini moto ukiendelea mpaka Jumamosi jioni, jani linakauka na njano yake. Halivundi tena, hata ukilizimia moto."

Rustika alisikia maneno yale yakimwingia kama maji ya baridi. Alikuwa mke wa mkulima kwa miaka kumi na minne, na alilijua jambo hilo kuliko Tekla. Alilijua Jumapili ile, alilijua mahakamani. Hakuna aliyemwuliza kuhusu majani, naye alikuwa ameshughulika mno na kumchukia Hilari hata hakujiuliza mwenyewe.

Moto ulizimika Ijumaa, na Viktori asingeliacha tanuri lake lizimike akiwa hai. Basi aliuawa Ijumaa.

Chuki ya Rustika haikuisha siku ile. Ilitafuta mtu mwingine wa kumkalia. Ilimkumbuka mzee Anton: nani alitoa ushahidi wa panga, na nani aliharakisha kuyatupa majani? Ijumaa, tarehe 17 Mei, alipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, na saa tatu alikuwa uani kwa Anton, Usoke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Esperansi. Karibu kigoda. Umenenepa, Kwihara inakupenda."

"Sikuja kunenepeana. Ijumaa ile, kabla ya kifo cha mume wangu, jioni ulikuwa wapi?"

Mzee Anton alimkazia macho. "Sasa unanipeleleza mimi? Niliyembeba mumeo mgongoni?"

"Uliyatupa majani."

"Ulitaka nimtoe Viktori kupitia paa?" Alikasirika, kisha akashusha pumzi. "Ijumaa ya Kwaresima mtu huwa wapi? Nilikuwa kanisani tangu saa kumi jioni mpaka giza. Nilibeba msalaba kituo cha kwanza mpaka cha tatu. Shemeji yako Hilari alisoma kituo cha sita, akakosea, watu wakacheka kanisani, Mungu atusamehe."

"Hilari alikuwepo?"

"Mwanzo hadi mwisho. Tulitoka pamoja, tukakesha kwenye msiba kwa marehemu katekista, mpaka asubuhi. Lakini hukumu ilisema Jumamosi, si Ijumaa. Mimi Jumamosi nilimwona na panga, na nilisema nilichoona."

Basi si Hilari, wala si mzee huyu, Rustika aliwaza.

"Naikumbuka sana siku ile," aliendelea mzee Anton, "kwa sababu waliniaibisha. Mwalimu Wilbroad hakutokea. Kila mwaka ndiye huanzisha nyimbo. Wakanisukuma mimi! Niliuanzisha wimbo juu kama jogoo, kufika ubeti wa pili sauti imekwisha. Mpaka leo wajukuu wananiiga."

Saa nane na nusu mchana, siku hiyohiyo, Rustika alikuwa mbele ya meza ya Inspekta Consolatha, mpelelezi wa makosa ya jinai mjini Tabora. Inspekta alimsikiliza bila kumkatiza, akaandika kurasa mbili.

"Majani yanaweza kumtoa shemeji yako kwenye kitanzi," alisema hatimaye. "Nitamtafuta mtaalamu wa tumbaku aandike hayo. Lakini hayamtii mtu mwingine hatiani. Mwalimu kukosa kuimba si kosa la jinai."

"Afande, yeye aliandika majani ya njano."

"Atasema kila mtu anajua tumbaku ya bani ni ya njano. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Nipe kitu ambacho mtu hawezi kukibahatisha, Mama. Kitu kidogo."

Rustika alirudi Kwihara. Jumamosi adhuhuri alikaa barazani na kitabu, akarudia ukurasa wa tisini na mbili. Mara ya kwanza jicho lake lilikuwa limenaswa na majani, likayaruka yaliyofuata. Sasa liliyafikia. Alisoma, akarudia, akarudia tena. Halafu aliingia ndani, akafungua sanduku, akaitoa kanga kuukuu nyekundu ambayo hakuwa ameivaa tangu matanga.

Alikuwa pia ameazima riwaya ya kwanza ya Wilbroad, *Mizigo ya Unyanyembe*, inayowasimulia wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenye njia ya kale ya misafara. Ndiyo iliyompa jina na tuzo. Rustika aliifungua na kusoma sentensi ya kwanza: "Kutoka Unyanyembe hadi pwani si siku, ni mioto tisini." Alikifunga kitabu. Sauti ile aliijua. Viktori hakuhesabu safari kwa siku kamwe. Alihesabu kwa mioto iliyowashwa njiani, kama alivyosimuliwa na babu yake, na alimsimulia Rustika hivyo usiku wote wa kuchochea bani. Mchapishaji alikuwa ameandika mwaka ndani ya jalada: 2018.

Ndipo alipojua alichokuwa amekifunga kwa kitambaa safi.

Alhamisi, tarehe 30 Mei 2024, saa tisa alasiri, Mwalimu Wilbroad aliingia katika ukumbi wa parokia ya Kwihara kwa makofi. Mwalimu Koleta alikuwa amemwalika azungumze na wasomaji wake wapya. Alivaa suti ya kijivu, akawasalimu akina mama mmoja mmoja. Kwenye benchi la nyuma alikaa mwanafunzi mgeni mwenye kitenge na daftari jipya, hakuna aliyemtambulisha.

"Shemeji Rustika!" Wilbroad alifurahi. "Umejua kusoma! Viktori angelia kwa furaha."

"Angelia, Mwalimu. Nina maswali machache ya fasihi. Unaniruhusu?"

"Uliza mpaka uchoke."

"Ukurasa wa tisini na mbili. Umeandika majani ni kama ganda la ndizi mbivu. Ni ubunifu?"

Wilbroad alitabasamu. "Mimi sibuni. Ndiyo siri ya riwaya ya kisa cha kweli. Unachukua undani mdogo, wa hakika, msomaji anajiona yumo ndani. Huo ndio unaomfanya asilale."

"Nami sikulala. Majani niliyoyaona mimi yalikuwa yamevunda."

"Ah, kila mtu Tabora anajua jani la bani ni la njano. Hilo silihesabu hata."

"Vema. Tuliache." Rustika aligeuza kitabu. "Rozari juu ya ufito wa kwanza. Hiyo umeitoa kwa shahidi gani?"

"Jalada la mahakama."

Mwanafunzi mgeni alisimama nyuma. "Nimelisoma jalada lote, kurasa mia mbili na kumi na nne. Hakuna neno rozari." Akakaa tena, taratibu.

Wilbroad aligeuka kumtazama, kisha akamrudia Rustika. Tabasamu lilibaki mdomoni, machoni halikuwepo. "Basi ni mimi mwenyewe. Viktori alikuwa rafiki yangu. Nani hakuijua rozari yake?"

"Rozari ya mbegu waliijua wengi. Umeandika ameiunga kwa uzi mwekundu. Uzi huo uliuona lini?"

"Siku nyingi zilizopita, shemeji. Nitakumbukaje?"

"Wewe ni mtu wa undani mdogo. Jaribu."

"Wiki ileile, nadhani. Nilipita bani Alhamisi kumsalimu. Ndiyo, Alhamisi. Akanionyesha, akasema ilimkatikia."

Tekla aliachia mguno mrefu. Rustika alifungua kifurushi kilichokuwa mapajani, akaitandaza kanga juu ya meza. Kwenye pindo palikuwa na mfereji mwembamba mahali uzi ulipochomolewa.

"Ilikatika Ijumaa alfajiri," alisema. "Niliiunga mimi, Ijumaa saa nne asubuhi, kwa uzi wa kanga hii. Sikumwambia mtu mpaka mwezi huu. Sikuulizwa. Duniani walioujua uzi huu ni watatu: mimi niliyeufunga, Viktori aliyesali nao, na aliyeingia bani baada yangu. Ijumaa hiyo jioni Usoke nzima ilikuwa kwenye Njia ya Msalaba, na Anton aliimba kama jogoo kwa sababu mwimbishaji hakuwepo. Mwalimu, ulikuwa wapi?"

Wilbroad alitazama mlangoni; askari wawili walikuwa wamesimama hapo.

"Naitwa Inspekta Consolatha," alisema mwanafunzi mgeni akija mbele. "Saa sita mchana leo tumepekua nyumba yako kwa hati ya mahakama. Madaftari kumi na moja yamo kwenye kabati lako la vitabu, nyuma. Mwandiko ni wa Viktori. Manane ni ya *Mizigo ya Unyanyembe*, karibu sentensi kwa sentensi. Matatu bado hujayatumia."

"Ningeyachoma," alisema Wilbroad kwa sauti ambayo haikuwa ya redioni tena. "Kila mwaka nilisema nitayachoma."

"Kwa nini hukuyachoma?" aliuliza Mwalimu Koleta, kama aliyesahau kwamba hili si somo.

"Kwa sababu ni mazuri!" Alikaa chini bila kukaribishwa. "Mnaelewa? Miaka ishirini nilifundisha insha. Niliandika riwaya nne, zikarudishwa zote. Halafu mtu anayenuka moshi ananiletea daftari nimrekebishie herufi kubwa na nukta. Nikainakili hadithi yake, nikaipeleka kwa mchapishaji. Nilitaka kuona tu watasemaje. Wakaikubali, kwa jina lililokuwa juu ya bahasha. Ijumaa ile nilikwenda kumweleza. Nilisema tugawane. Alicheka. Alisema Jumatatu atapanda treni kwenda kumwona mchapishaji, na atawaambia wanafunzi wangu. Akanigeuzia mgongo aongeze kuni. Gogo lilikuwa karibu."

"Na rozari?"

"Niliitia motoni. Sijui kwa nini. Ilikuwa inanitazama."

"Na Hilari?" Rustika aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wake. "Ulikaa benchi moja nami mahakamani. Ulinishika mkono niliposhangilia. Kisha ukaketi ukaandika jinsi alivyolia."

"Shemeji..."

"Mimi si shemeji yako. Nilijifunza kusoma ili nifurahie kunyongwa kwa mtu. Wewe ndiye uliyeifundisha chuki hiyo kusoma na kuandika, sasa irudi kwako. Sikuombei rehema. Nataka uishi, miaka mingi, mahali penye vitabu vyako vyote, na kila mfungwa anayejua kusoma ajue vimetoka mikononi mwa nani."

Walimtoa saa kumi na dakika tano. Rustika hakupiga kigelegele. Aliomba kalamu ya wino kwa Mwalimu Koleta. Kwenye nakala ya darasa ya *Mizigo ya Unyanyembe* alilikata jina lililokuwa juu kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo, akaandika: VIKTORI NSENGIYUMVA. Lilikuwa jina refu. Lilimchukua muda, na darasa lote lilisubiri mpaka alipomaliza.

Jumatatu iliyofuata alikwenda gerezani. Hilari alikuwa amekonda, nywele zimekuwa mvi kabla ya wakati wake. Walitazamana kupitia wavu.

"Shemeji, ulizipata barua zangu?" aliuliza.

"Nilizichoma zote tatu bila kuzisoma. Niambie zilisema nini."

Hilari alifikiri. "Zote zilisema jambo moja. Nilikuuliza kama kuna mtu anayeutunza mpaka wa shamba, usije ukaliwa na jirani." Akacheka kidogo, kisha akalia, na Rustika akalia pamoja naye.

Mlango wa gereza bado haujafunguliwa. Mahakama haijaridhika na kukiri kwa Wilbroad tu; rufaa ya Hilari inangoja mashahidi wa Ijumaa ile, na mzee Anton peke yake hatoshi. Kwa hiyo wewe uliyeifikisha hadithi hii mwisho, usiiweke kabatini. Mpe anayekaa Usoke, Urambo au Ulyankulu. Asiyejua kusoma, msomee, na ufike polepole kwenye jioni ya Njia ya Msalaba. Kisha umwulize kama alikuwepo kanisani Ijumaa ile, na kama anamkumbuka kijana aliyekosea kituo cha sita, watu wakacheka.